Kahawa ya Mgeni

Tangu binti yangu alipojua kutafuna, baba yangu alikuwa akimpa kahawa. Siyo ya kunywa. Nasema ile ya kwetu, buni zilizochemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa, zikatunzwa kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko. Mgeni akiingia nyumbani kwetu Kamachumu, kabla hajaulizwa lililomleta, mwenye nyumba humpa punje chache kwa mikono miwili, naye huzipokea kwa mikono miwili, hutafuna, ndipo mazungumzo yanaanza. Mtoto wa nyumba hapewi. Mtoto wa nyumba ndiye anayetumwa kukileta kikapu, na akitaka kutafuna huchota mwenyewe wakati wa kukirudisha. Basi kila tulipofika likizo, baba yangu, mkulima na mzee wa kanisa, mtu asiyejua kumkaripia hata mbuzi aliyeingia kwenye migomba, alimwinamia yule mtoto wangu akamwambia, "Karibu, mgeni." Kisha akampa kahawa.

Mtoto alifurahi, masikini. Aliona amefanywa malkia. Watoto wa kaka yangu wanatumwa maji, wanatumwa kuni, wanafokewa na bibi yao kwa kukanyaga maharage, yeye amekaa kwenye kiti anatafuna kahawa na wazee, miguu haigusi chini. Mimi nilikuwa pembeni nauma meno.

Nilimzaa bila kuolewa. Mwanaume mwenyewe akaenda zake, hakuleta nyumbani hata kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, kuomba radhi, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Asiye na baba anayejulikana hana pa kuwekwa. Baba yangu hakunifukuza wala hakunitukana. Afadhali angenitukana, maana kutukanana nakuweza, ningejua pa kuanzia. Lakini alikuwa mpole. Alimpokea mjukuu wake vizuri kuliko askofu, na upole ule ulikuwa umefunga mlango. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wangu alikaa ugenini pale mpaka akamaliza shule, na jembe hakupewa.

Alipokuwa msichana wa darasa la sita hivi aliniuliza kwa nini binamu zake hawapewi kahawa. Tulikuwa njiani kurudi Bukoba. Nikamjibu ukweli, kwa sababu wao ni wa pale. Tangu siku hiyo aliendelea kupokea kwa mikono miwili na kushukuru, lakini hakutafuna tena mbele yao. Punje zote zilikwenda mfukoni, nami nilikuwa nazikuta wakati wa kufua.

Sasa nije kwenye habari ya picha. Mimi nina studio mjini Bukoba, karibu na soko. Nilianza enzi za filamu, za chumba cha giza na beseni za dawa, na binti yangu alilala kwenye kapu chini ya meza ya kusafishia picha kabla hajajua kutambaa. Ukutani nina pazia limechorwa maporomoko ya maji, pembeni ngazi nyeupe ambazo hakuna anayejua zinakwenda wapi. Nusu ya mji huu imesimama mbele ya ngazi zile. Nyoosha shingo, shusha kidevu, usicheke, tayari. Hiyo ndiyo kazi yangu, na sikuwahi kusikia malalamiko.

Binti yangu alipomaliza shule nikamwachia kamera asaidie. Alisaidia wiki chache, kisha akaanza kutoka nayo. Anarudi jioni, anaziweka picha kwenye kompyuta, mimi natazama, nashika kiuno. Kuta za maduka ya zamani zilizobambuka rangi. Mikono ya mama anayemenya ndizi, uso haupo. Mwenye toroli kalala ndani ya toroli lake, unaona nyayo tu. Dimbwi la mvua, ndani yake mnara wa msikiti umepinduka kichwa chini. Na migongo! Watu wa kila aina, amewapiga kisogo.

Nikamuuliza ni mtu gani mwenye akili zake atakayenunua picha ya kisogo chake. Akasema hakuzipiga ili ziuzwe. Ala! Nikamwambia umeme wa humu ndani haulipwi kwa visogo. Jirani yangu muuza vitenge, mama wa Kiislamu ambaye mababu zake walitoka pwani, akaja kuamua ugomvi, akaitazama picha ya dimbwi kwa muda mrefu, akasema mtoto huyu anaona. Nikamwambia na mimi naona, naona kamera yangu inaloa.

Wakati huohuo alianza kujisemesha. Anaosha vyombo, midomo inatembea. Anapiga pasi, mguu unagonga sakafu. Nyumbani kwetu hapa mjini, mtaa wa Nshambya, kuta ni nyembamba, nikawa nasikia maneno yanarudiwarudiwa, yanapinduliwa, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli. Nilidhani kuna kijana. Ningependa awe kijana, kijana ningejua la kumfanya.

Jumamosi moja nikaja studio asubuhi nikakuta kamera haipo. Siku hiyo nilikuwa na wanafunzi wa picha za vitambulisho, wamepanga mstari mpaka kwa jirani, wamevaa masweta yao. Nikapiga na ile kamera ya zamani inayokwama kila baada ya picha mbili, hasira zikipanda. Walipoisha nikafunga mlango. Muuza vitenge akaniambia vijana huwa wanakutana mchana ufukweni, kwenye baraza la mgahawa mmoja uliofungwa. Nikaenda. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu yote, na yalikuwa mazuri.

Nilikuta vijana wamekaa chini, wengine kwenye kreti. Spika moja ndogo, biti inatoka. Kijana wa bodaboda kutoka Kimwani alikuwa amesimama anachana mistari kuhusu abiria anayempa jogoo amshikie halafu anashuka bila kumkumbuka. Watu wanacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Binti yangu alikuwa anampiga picha, amepiga magoti, kwa nyuma bila shaka. Halafu wakamwita yeye.

Akaning'iniza kamera shingoni. Akawaambia wazime biti. Akasimama mikono nyuma, jinsi baba yangu anavyosimama kabla ya kusali. Kisha akasema, taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwangu:

"Napokewa kwa mikono miwili, naambiwa karibu,
karibu ya kila likizo, karibu isiyo na jibu.
Nani hukaribishwa kwao? Niulizieni mababu.
Mimi sitaki kahawa. Nataka kujua kikapu
huwekwa wapi."

Yaliendelea, marefu, lakini mimi nilibaki hapo. Nikakaa kwenye kreti la mtu. Wengi wa vijana wale hawakujua anasema kikapu gani, lakini kila mmoja alikuwa na mlango wake aliosimama nje yake. Nilimlea mtoto yule, nimemfulia, nimemsuka, nimemchapa, na sikujua kwamba ana kitu hicho ndani. Nilidhani jambo lile linaniuma mimi peke yangu. Nikalia pale hadharani, mama mzima, na kijana wa Kimwani akanisogezea chupa ya maji.

Tulirudi kwa miguu. Maneno yangu mazuri yote yalikuwa yamepotea. Nikamwuliza tu kama ana mpango wa kwenda kumwambia babu yake mambo hayo. Akasimama.

"Hapana, Mama. Babu hajanikosea adabu hata siku moja. Ananipenda jinsi mtu anavyopenda wageni. Sasa mtu utamlaumu vipi kwa kukukaribisha?"

Nikamwuliza amejifunza wapi kusema vile mbele za watu. Akanishangaa. Akasema kwa Babu, kwa nani tena.

Na ni kweli. Wanaodhani michano ililetwa na redio hawajamwona baba yangu kwenye harusi. Kwetu kuna kwebuga. Mwanaume anasimama na mkuki mbele ya watu, anajisifu kwa pumzi moja, haraka, mguu unapiga chini: yeye ni nani, ni wa nani, amefanya nini, na anaahidi nini. Watu huko nje wanatutania kwamba Mhaya hakosi la kujisifia, na sisi hatukatai, kwa sababu tuna utaratibu wake. Baba yangu, ambaye siku nyingine zote unamsogelea sikio ndipo umsikie, akishika mkuki sauti inafika bonde la pili. Na anayekwebuga lazima aseme ni wa nani. Asiposema, wazee watamwuliza, naye atajibu jina la baba yake.

Basi ikaja harusi ya mtoto wa kaka yangu. Kaka anaishi Mwanza, lakini ndiye mrithi wa kibanja, shamba letu la migomba, na mwanawe ilibidi amlete bibi harusi nyumbani Kamachumu. Kazi ya picha tulipewa sisi. Tukafika, baba akatoka mlangoni, amedhoofika kidogo, koti lake lilelile la ibada. Akanisalimu. Akamgeukia binti yangu, binti mzima sasa, mrefu kunipita, akasema, "Karibu, mgeni." Akampa kahawa. Naye akapokea kwa mikono miwili. Nikaiona inaingia mfukoni.

Shughuli ilikwenda vizuri. Ndizi zilikuwepo, nyama ilikuwepo, lubisi ililetwa kwa utaratibu wake na Walutheri wakaitazama kwa utaratibu wao. Mimi nilipiga maharusi na familia, kidevu chini, usicheke. Binti yangu alizunguka nyuma ya turubai anapiga vitu vyake. Jua lilipoanza kulegea mshereheshaji akawaita wazee wa kwebuga.

Baba akasimama na mkuki. Nitasema nini? Mguu wake wa kushoto hauko sawa, lakini alipoanza, watu waliacha kutafuna. Aliwataja waliomzaa, akataja mibuni aliyoipanda, akataja njaa aliyoishinda. Alipomaliza akauchomeka mkuki ardhini, akasema anayemfuata katika nyumba yake aje.

Hapo ndipo bwana harusi alipotakiwa kusimama. Alisimama, maskini, na suti yake, akaanza neno moja la Kihaya, likamgomea. Akacheka, akamtazama baba yake. Kaka yangu akatazama viatu. Zamani aliyajua maneno hayo, lakini Mwanza ilikuwa imeyasugua yote. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Mkuki umesimama pale, baba naye amesimama kando yake, anasubiri. Mzee anayesubiri hivyo mbele ya wakwe, jamani, usiombe uone.

Binti yangu akaja akanivisha kamera shingoni. "Mama, shika." Sikupata hata nafasi ya kumkataza. Akachukua ile stendi ya kamera, amekunja miguu yake mitatu pamoja, akapita katikati ya meza. Mkuki hakuugusa. Anajua mwanamke haugusi. Akasimama mbele ya babu yake, akainua stendi, akapiga mguu chini.

Nitaandika kwa Kiswahili, ingawa nusu ilikuwa Kihaya cha Nshambya, kile ambacho mama zake wadogo hukicheka. Alisema yeye ndiye mkamata kivuli kabla hakijakimbia. Alisema yeye ndiye aliyelelewa chumba cha giza akatoka na nuru. Alisema yeye ndiye anayewapiga watu na hawalii, wanamwambia piga tena, na hapo turubai zima lilicheka, hata mkwe aliyekuwa amenuna tangu mchana. Alikuwa anakwenda kwa kasi ileile ya baba yangu, pumzi ileile, na mabega yaleyale. Vijana wakaanza kumpigia makofi ya kumfuata.

Mzee mmoja wa ukoo akanyanyua mkono, makofi yakakoma. Alisema mwanamke hakwebugi. Kisha, kwa kuwa alishafanya, akauliza lile swali ambalo lazima liulizwe.

"Huyu ni wa nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua hana jibu. Ningekuwa na mdomo siku ile ningejibu mimi, na ningejibu vibaya. Yeye akashusha stendi, akaishika kwa mikono miwili, akataja jina langu. Lile nililobatizwa, na lile nililopewa nyumbani. Yote mawili. Akatazama kama wamesikia, akayarudia.

Jina la mwanamke kwetu halijibu swali hilo. Nilikuwa na kamera shingoni, na mikono ya mtu wa kazi hufanya kazi yenyewe, nikabonyeza. Baba alimtazama, akaung'oa mkuki wake, akarudi kukaa. Mshereheshaji, Mungu ambariki, akaweka muziki.

Mimi nilitaka tuondoke palepale. Nilishafungasha mifuko. Binti yangu akakataa, anataka mwanga wa asubuhi kwenye kibanja, ukungu ukiwa bado kwenye migomba. Nikamwambia tumemwaibisha mzee mbele ya wakwe na yeye anazungumza habari za ukungu. Akasema kama ni aibu itakuwepo hata kesho, ukungu hautasubiri. Mtoto huyu ana kichwa kigumu na sijui amekitoa kwa nani.

Asubuhi alirudi viatu vimeloa, tukakaa kwenye ngazi za nyumba kutazama picha. Alipoifikia ile moja niliyoipiga mimi, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mama, umepiga kisogo." Kweli. Binti yangu anaonekana mgongo tu, na stendi. Miaka yote hiyo ya kuwanyooshea watu shingo, na siku hiyo nimepiga kisogo. Lakini juu ya bega lake alionekana baba yangu. Kinywa wazi kidogo, macho yamekaza, uso wa mtu anayesikia sauti yake mwenyewe ikitoka mahali pengine. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Ipo studio sasa, nimeitundika juu ya pazia la ngazi.

Tulikuwa bado tunaitazama wakwe walipokuja kuaga. Wazee kwa kina mama, wamejaa sebuleni, sisi tukaingia nyuma yao. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Aliwasalimu mmoja mmoja, akawauliza walivyoamka. Nikamwona anataka kunyanyuka kwenda kuleta kahawa mwenyewe, mguu ukamkatalia. Watoto wa kaka yangu walikuwa wamejaa humo ndani. Baba akatazama huku na huku. Macho yake yakamkuta binti yangu amesimama karibu na mlango, viatu vyake vya tope mkononi.

"Wewe, kikapu kiko chumbani kwangu, juu ya kabati, nyuma ya Biblia," akamwambia. "Wape wageni kahawa."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kusogelea sikio, akamgeukia mkwe wakaendelea na habari za mvua. Shairi la ufukweni hakuwahi kulisikia, na hata leo hakuna aliyemsimulia. Binti yangu akaweka viatu chini. Akaenda.

Akarudi na kikapu, akaanza na mkwe mkubwa, kwa mikono miwili, goti limekunjwa vizuri, akamfuata wa pili na wa tatu. Nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi na wale kina mama, machozi yananitoka na sina kitambaa. Aliponifikia mimi alinitazama, akafunga mfuniko, akanipita.

Kisha akakirudisha chumbani. Alipotoka, alikuwa anatafuna.